Namba E haifanyi gari kuwa jipya

Ukitangaza Dar es Salaam kwamba unatafuta gari, hukosi washauri. Dalali ana lake, shemeji ana lake, na fundi ana lake pia. Baadhi ya wanayosema ni kweli. Mengine yatakutoa fedha.

"Hii namba E, bado mpya kabisa." Si kweli. Herufi za kibao hufuata mpangilio wa usajili. Zinakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007. Ikishushwa bandarini leo itapewa namba ya leo, ingawa umri wake unatosha kupiga kura. Ndiyo maana namba D ya mtu aliyeitunza inaweza kuwa changa kuliko namba E inayong'aa yadi. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi ya gari. Ukiwa na shaka, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: mara nyingi huko chini kuna lebo yenye mwaka. Tairi nazo zina umri wao. Tafuta tarakimu nne zinazomalizia maandishi ya DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambayo si kipara inaweza kuwa imezeeka vilevile.

"Imetembea kilomita 60,000 tu." Usikubali kabla ya kuona karatasi. Kilomita hurudishwa nyuma, hata kwenye dashibodi za kidijitali. Japani, gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa. Kwa hiyo omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, na kama lilinunuliwa mnadani, omba karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi. Herufi R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi zimepotea, angalia stelingi iliyosuguka mpaka ikateleza, mpira wa pedali ya breki ulioisha, na kiti cha dereva kilichobonyea. Hayo hayaletwi na kilomita 60,000.

"Gari la zamani ndilo nafuu kuagiza." Nusu kweli. Bei yake Japani iko chini, lakini TRA hutoza uchakavu: asilimia 15 kwa gari la kutembelea lililozidi miaka 8, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Tena uchakavu hupigwa juu ya thamani ambayo tayari imeongezwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inapanda juu yake. Gari likithaminishwa shilingi milioni 10, uchakavu wa asilimia 30 pamoja na VAT yake unazidi milioni 4.4. Na thamani inayotumika ni ile iliyomo kwenye mfumo wa TRA, wala si lazima iwe ya ankara yako. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao. Kifungue kabla hujatuma hela Japani.

"Huku hakuna baridi, kulanti ya nini? Weka maji." Si kweli, na kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti. Inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu ndani ya rejeta na injini. Maji ya kisima cha Dar yenye chumvi hufanya kinyume: yanakula vyuma na kuacha magamba njiani. Siku injini ikichemka foleni ya Ubungo, silinda hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, na zile elfu chache ulizookoa zinakwenda na mamia ya maelfu.

Ndugu yake ni kauli ya oili nzito kulinda injini. IST ilitengenezewa oili nyepesi, kama 5W-30. Nzito huchelewa kufika juu asubuhi injini ikiwa baridi. Wauzaji wengine huitia makusudi ili moshi upungue mnunuzi akija. Giaboksi ya CVT ina oili yake peke yake. Ukiitia ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, unaiua.

"Bima ndogo inatosha." Kisheria, ndiyo. Lakini inamlipa uliyemgonga, si wewe.

"Kila mwaka utalipia leseni ya gari." Ilikuwa kweli. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na makato yakahamia kwenye mafuta. Anayetembea sana ndiye anayelipa sana.

"Nunua gari la wengi." Kweli, hata kama linachosha macho barabarani. IST, Vitz na Premio spea zake zipo Gerezani, na kila gereji ina mtu anayezijua. Gari adimu la bei ya chini mara nyingi lina sababu ya kuwa na bei hiyo.

Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone madeni ya trafiki, hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia, na mlipe fundi wako mwenyewe alikague. Wa muuzaji mwachie muuzaji.