Nyumba laki mbili, lakini mwenye nyumba ni nani?

Serikali zinazoshika hatamu za nchi hii haziishi kuwatajia wananchi idadi ya nyumba zitakazowajengea. Mpango wa kwanza wa Ruwaza ya 2030 uliahidi kwamba ifikapo mwaka 2012 nchi itakuwa ikipata nyumba 200,000 kila mwaka. Mwaka huo ulifika ukapita. Desemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta, katika Ajenda zake Nne Kuu, akatangaza nyumba 500,000 kufikia mwaka 2022. Mmojawapo wa miradi ya mwanzo kuonekana kwa macho, ule wa Park Road mtaani Ngara, Nairobi, ulikuwa wa nyumba 1,370. Kisha ikaingia serikali ya Rais William Ruto, na idadi tuliyosikia tena ni 200,000 kwa mwaka. Ile ile ya awali, kana kwamba ilikuwa imehifadhiwa kabatini.

Msomaji asidhani kwamba ninazibeza ahadi hizi. Nchi ambayo Katiba yake ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa haiwezi kukaa bila shabaha. Linalonikera ni kwamba shabaha hizo hupangwa wizarani na kutangazwa jukwaani, ilhali yule aliyekabidhiwa kazi yenyewe hukumbukwa pindi kiwanja kinapotakiwa. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali ya kitaifa sera ya nyumba. Nyumba zenyewe limezipa kaunti.

Wala kazi hiyo si ngeni mashinani. Anayepita sehemu za Eastlands jijini Nairobi, akazitazama Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho, anaiona kazi ya baraza la jiji. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wakati wa ukoloni, kwa mtindo ambao Waingereza walikuwa wameuzoea kwao. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1919, iliyosukumwa na Waziri Christopher Addison, iliyataka mabaraza yajenge nyumba za kupangisha kwa ruzuku ya serikali. Shabaha ilikuwa nyumba 500,000 kwa miaka 3. Zilizopatikana hazikufika nusu. Hata hivyo mabaraza yalibaki, yakiwa na mafundi wao na daftari zao za wapangaji, yakaendelea kujenga chini ya sheria nyingine zilizofuata, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 karibu theluthi moja ya familia za Uingereza zilikuwa zikikaa katika nyumba za mabaraza. Shabaha ilianguka, mjenzi akasimama.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Shirika la Taifa la Nyumba, lililoundwa mwaka 1967, liliyakopesha mabaraza fedha za kujengea. Mnamo 1975 Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianzisha mradi wa Dandora wenye viwanja 6,000, ambapo mwananchi alipewa kiwanja chenye maji na choo ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake. Lakini mapema katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mabaraza yalikuwa yamepokonywa ile kodi iliyotozwa kila mtu kwa kadiri ya pato lake, nayo ndiyo iliyokuwa mhimili wa mapato yao. Yakabaki na kodi za nyumba na ada za masoko. Hapana shaka kulikuwa na uzembe na upendeleo, nyumba zikagawiwa jamaa za wakubwa ambao nao walizipangisha upya kwa bei ya juu. Ila mtu aliyekatwa mkono halaumiwi kwa kutolima tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanga nyumba ya baraza katika mji ambao sitautaja. Karani wa kodi hakukosa hata mwezi mmoja. Fundi wa bomba sikumwona katika miaka yote niliyokaa pale. Kodi ilikuwa ndogo, nasi wapangaji tuliinyamazia hali hiyo kwa sababu hiyo, huku paa likioza juu ya vichwa vyetu.

Mabaraza yalikoma mwaka 2013, kaunti zikarithi mitaa hiyo pamoja na paa zake. Kisha ikaja Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024, inayomkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri kiasi kama hicho. Sheria hiyo imeunda kamati katika kila kaunti, lakini fedha huingia katika hazina moja ya kitaifa. Imeeleza pia kwamba nyumba za kijamii ni za wenye pato lisilofika Sh20,000 kwa mwezi. Mei 2025, huko Mukuru, Nairobi, nyumba 1,080 za namna hiyo zilikabidhiwa wananchi. Ni jambo la kushukuru, nami nashukuru.

Ila nyumba hizo hulipiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi ziwe mali ya mkaaji. Mama auzaye mboga, ambaye wiki hii ana faida na wiki ijayo hana, hatafuti hati ya kumiliki. Anatafuta chumba kikavu cha kukodi, na mwenye nyumba ambaye hataongeza kodi ghafla. Huyo ndiye aliyejengewa Kaloleni na Bahati, naye hayumo katika hesabu ya laki mbili.

Najua nitajibiwa kwamba kaunti zimejaa ufisadi. Je, huko wizarani ndiko kuliko na malaika? Gavana angalau yu karibu, na diwani wa wadi anajulikana nyumbani kwake. Shabaha na igawanywe kwa kaunti: ngapi za kuuza, ngapi za kukodi, na kwa kila iliyo ya kukodi pesa kiasi gani zimetengwa kwa bomba na paa. Makadirio ya fedha ya kaunti hufikishwa katika mabunge yao kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wakazi wana haki ya kuyatolea maoni. Waanze kwa kuuliza fundi wa bomba ameandikiwa shilingi ngapi.