Gari kuukuu la bei nafuu linavyoweza kumrudisha mtoto kwa mzazi

SI ajabu, alfajiri ya Jumamosi, kumwona mtu mzima katika kituo cha mafuta mjini Kiserian, kaunti ya Kajiado, akiwa amechutama kando ya gari dogo la Suzuki ambalo rangi yake imechujuka kwa jua la miaka mingi. Mkononi ana kipimo cha upepo wa tairi. Kando yake amesimama mtoto wa miaka 12 au 13, daftari mkononi, akiandika kila tarakimu anayosomewa.

Wawili hao hawaendi harusini wala matangani. Wanaelekea njia za vumbi na mawe katika Bonde la Ufa, upande wa Olorgesailie na Magadi. Haja yao si kufika mapema, bali kupita mahali ambapo gari la kawaida lingekwama, na kupita pamoja.

Kwa muda mrefu mchezo wa kuendesha gari nje ya lami umedhaniwa kuwa wa matajiri. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga ua wa kuzingira msitu wa Aberdare, huvutia magari yaliyoundwa upya kwa gharama isiyosemeka. Ua huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009, na mashindano yenyewe yameendelea kuchangia uhifadhi wa misitu mingine.

Hata hivyo, kanuni ya Rhino Charge ina funzo kwa asiye na fedha. Mshindi si mwenye kasi kuliko wenzake. Ni yule anayefika katika vituo vyote akiwa ametumia umbali mfupi zaidi katika muda wa saa 10. Kinachopimwa ni subira na uwezo wa kuisoma ardhi, na mambo hayo mawili hayauzwi dukani.

Deni lisilolipwa kwa pesa

Kwa nini mzazi amchukue mwanawe hadi nyikani ilhali kuna bustani na sinema mjini? Jibu limo katika maisha ya wakazi wengi wa Nairobi na miji inayoizunguka. Mzazi huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili kuepuka msongamano wa magari, akarejea mtoto akiwa amelala. Wiki hupita, kisha muhula, kisha miaka.

Mtoto anapobalehe, mazungumzo yao huwa yamesalia maswali mawili matatu: umekula, umefanya kazi ya shule, umetumiwa nauli. Karo imelipwa, chakula kipo, lakini mzazi na mwanawe wamekuwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Aghalabu mzazi hung'amua hayo siku anapoitwa shuleni kuelezwa habari za mwanawe ambazo walimu na marafiki walizijua zamani.

Hapo ndipo wengi hukosea. Humketisha mtoto sebuleni na kumwambia, "Haya, leo tuzungumze." Mtoto hufunga kinywa, kwa kuwa kikao cha namna hiyo hufanana na mahakama. Garini hali ni tofauti. Wawili hao huketi ubavu kwa ubavu, macho yote mbele, mikono ikiwa na shughuli. Hakuna anayemkazia mwenzake macho, na ukimya hauchukuliwi kuwa ugomvi. Neno gumu huweza kutoka lenyewe kati ya jabali moja na jingine.

Gari lenyewe ni lipi?

Magari madogo ya Suzuki ndiyo yanayopendwa zaidi na wenye mfuko mwembamba. Kampuni hiyo ya Japani ilianza kuuza gari lake dogo la nyikani, LJ10, mwaka wa 1970, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 359 pekee. Mwaka wa 1981 likaja SJ410 lenye injini ya lita moja, na baadaye SJ413 la lita 1.3. Humu nchini wengi huyajua kwa jina la Sierra au Samurai. Mrithi wake ni Jimny.

Nguvu ya magari haya haiko katika ukubwa wa injini. Siri ya kwanza ni wepesi: SJ410 lina uzito usiofika tani moja, hivyo hupita juu ya mchanga na matope ambayo yangemeza gari zito. Siri ya pili ni fremu imara ya chuma iliyolala chini ya bodi. Ya tatu ni seti ya pili ya gia, ndogo, ambayo huliwezesha gari kutambaa polepole kama kobe huku magurudumu yote manne yakisukuma.

Kwamba udogo si unyonge kulithibitishwa mwaka wa 2007 nchini Chile, pale madereva wawili walipoliendesha Samurai lililofanyiwa marekebisho hadi mwinuko wa mita 6,688 katika mlima wa Ojos del Salado. Mwinuko huo unazidi kilele cha Kilimanjaro.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo yamepita miaka minane tangu kuundwa. Kwa hivyo Sierra nyingi zilizopo ni zile zilizoletwa zamani, zikabadilisha mikono mara kadha. Mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Alale chini ya gari atazame kutu kwenye fremu, uvujaji wa mafuta katika difu na mipasuko katika springi. Bei ya kununua huwa nusu tu ya hesabu; nusu nyingine huanza siku ya kwanza ya gereji.

Na asiye na uwezo huo hana haja ya kukata tamaa. Gari la kawaida, kama vile Probox ambayo Wakenya wameizoesha kila aina ya barabara, linatosha kwa njia za changarawe wakati wa kiangazi, maadamu dereva anajua kikomo chake na yuko tayari kugeuka.

Historia ya nchi hii inatoa mfano. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, alijifunza kazi ya ufundi katika gereji ya babake jijini Nairobi. Mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni. Joginder alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976. Safari yake ilianzia kwenye spana za mzee wake.

Mtoto ndiye anayetoa amri

Kiini cha mchezo huu ni hatua moja ambayo haina nafasi katika malezi ya kawaida. Gari linapofika penye mawe au korongo, mtu mmoja hushuka, hutembea mbele, huchagua njia, kisha humwongoza dereva kwa ishara za mikono. Dereva haoni kilicho chini ya boneti yake. Hana budi kumtii aliye nje.

Aliye nje, mara nyingi, ni mtoto. "Simama, Baba! Rudi nyuma kidogo. Sasa kata kulia, polepole." Baba ambaye wiki nzima ndiye anayeamrisha, sasa anaamrishwa. Akikaidi, gurudumu linaning'inia hewani na wote wawili wanajua kosa ni la nani. Mtoto naye akielekeza vibaya, hujifunza uzito wa neno lake bila kuchapwa wala kukaripiwa. Jiwe lenyewe limemwambia.

Kabla ya hapo huwa na majukumu mengine. Sierra nyingi zina kufuli ndogo katikati ya magurudumu ya mbele, ambazo hugeuzwa kwa mkono kabla ya magurudumu hayo kuanza kusukuma. Kazi hiyo mtoto huiweza. Vivyo hivyo kupunguza upepo wa tairi: gari jepesi linalotumia kipimo cha takriban 26 barabarani laweza kushushwa hadi kati ya 15 na 18 mchangani, ili tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa. Upepo hurejeshwa kabla ya kurudi kwenye lami, na magurudumu ya mbele huachishwa kazi, kwa kuwa mfumo huo hukwaruzana na kuharibika ukitumiwa penye ardhi kavu na ngumu.

Mambo haya hayachagui jinsia. Binti anaweza kusoma korongo sawasawa na mvulana, na mama anaweza kushika usukani huku baba akichimba mchanga kwa koleo. Familia ambazo bado huamini kwamba spana ni ya wanaume hujinyima nusu ya nguvu zao.

Shule ya gereji

Gari kuukuu huharibika, na hilo si hasara tupu. Jumamosi ambayo hakuna safari huishia Kirinyaga Road jijini Nairobi, mahali ambapo wengi bado hupaita Grogan, kutafuta vipuri. Mtoto hujionea namna bei inavyojadiliwa, jinsi ya kutofautisha kipuri halisi na cha bandia, na kwa nini fundi wa jua kali ambaye hakumaliza shule anastahili heshima sawa na mhandisi.

Fauka ya hayo, huijua hali ya mfuko wa mzazi wake. Akielezwa kwamba klachi mpya ina maana ya kuahirisha safari ya Agosti hadi Desemba, huelewa fedha kwa namna ambayo hotuba mia moja za "pesa hazioti mtini" hazingemfundisha.

Mahali pa kusema hapana

Mchezo huu una hatari zake, na mzazi asiyezijua afadhali abaki nyumbani. Ya kwanza ni kupinduka. Gari fupi, jembamba na lililoinuka hupinduka kwa urahisi likipigwa kona kwa kasi au likipita mteremko kwa ubavu. Mwaka wa 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilidai kwamba Samurai lilikuwa na hatari hiyo. Suzuki ilipinga na kulishtaki jarida hilo mwaka wa 1996, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka wa 2004. Vyovyote iwavyo, mteremko hupandwa na kushukwa moja kwa moja, wala si kimshazari, na mwendo huwa wa kinyonga.

Ya pili ni mikanda. Baadhi ya magari ya zamani yana viti vya nyuma vilivyotazamana, bila mikanda. Mtoto asipandishwe hapo hadi kiti na mkanda vifungwe na fundi anayeaminika. Kumpakata mtoto nyuma ya usukani ni mzaha unaoweza kuishia kaburini.

Ya tatu, na mbaya zaidi, ni maji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yaweza kuliinua gari dogo, na mto uliokuwa mkavu asubuhi hufurika kwa mvua iliyonyesha mbali ambako msafiri hakuona hata wingu. Desemba 2021 zaidi ya watu 30 waliangamia basi lao lilipojaribu kuvuka mto Enziu uliofurika huko Mwingi, kaunti ya Kitui. Lile lilikuwa basi. Sierra ni kama kopo.

Katika ukingo wa mto kama huo ndipo mzazi hutoa somo kubwa kuliko yote. Amesafiri saa tatu, mafuta yameteketea, mtoto anamsihi, "Twende tu, Baba, tutapita." Naye anazima injini, anashuka, anatazama, kisha anageuza gari. Mtoto aliyemwona mzazi wake akikubali kushindwa bila fedheha huwa amepewa ngao atakayoihitaji siku moja, pale wenzake watakapomwambia apande gari la dereva mlevi.

Sheria na adabu

Sheria ya Trafiki hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani. Mtoto anayetaka kujaribu usukani afanye hivyo katika shamba la watu binafsi, kwa ruhusa ya mwenyewe, katika gia ndogo, mzazi akiwa kando yake. Ndani ya mbuga za kitaifa ni marufuku kuacha njia zilizowekwa.

Nje ya mbuga pia ardhi ina wenyewe. Nyanda za Magadi na Suswa ni malisho ya jamii ya Wamaasai. Adabu ni kuwasalimu wazee, kuomba njia, kulipa ada inapotakiwa, na kufuata nyayo za magari yaliyotangulia badala ya kuchora mpya. Alama ya tairi kwenye udongo mweusi uliolowa hugeuka mfereji mvua ijayo.

Safari ya kwanza iwe fupi. Magari yawe mawili, ili moja likikwama jingine livute. Pawe na maji ya kunywa ya kutosha siku nzima na ziada, jeki na kipande cha mbao cha kuiwekea, koleo, kamba imara, tairi la akiba na sanduku la huduma ya kwanza. Aliyebaki nyumbani aambiwe njia itakayofuatwa na saa ya kurejea.

Jioni gari hurudi likiwa limegeuka rangi kwa vumbi, na pengine sauti mpya inasikika chini yake. Mtoto amesinzia kitini, daftari limeanguka miguuni. Ndani mna tarakimu za upepo wa tairi, kilomita zilizotembewa, na mahali walipokwama. Miaka kumi ijayo gari hilo huenda litakuwa limeuzwa kama vyuma vikuukuu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na daftari hilo litakuwa ushahidi kwamba mtu alipata wasaa wa kumkunja.