Jina la Kipunji: Mchango wa Wawindaji wa Kinyakyusa katika Uandishi wa Kibiolojia Mlimani Rungwe

Makala haya yanafafanua namna mnyama aliyejulikana kwa wenyeji wa Rungwe alivyoingizwa katika maandishi ya kisayansi, na nani aliyehesabiwa kuwa mwandishi wake.

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu, akifika Kiwira, huuona Mlima Rungwe (mita 2,960) upande wake wa mashariki. Katika msitu wa mlima huo wawindaji walimtaja kwa watafiti nyani mwenye haya, aitwaye kipunji. Mwanabiolojia Tim Davenport na wenzake hawakuwa na hakika iwapo alikuwa mnyama halisi au wa masimulizi, kwa kuwa simulizi za Wanyakyusa zina viumbe vya aina zote mbili. Mwaka 2003 walimwona: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama utosini, ncha ya mkia nyeupe, na mlio wa chini unaofanana na honi.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha maelezo yake kwa jina la Lophocebus kipunji. Maelezo hayo yaliegemea picha, bila mzoga, jambo lililozua mjadala miongoni mwa wanataksonomia. Mwaka huohuo kipunji mmoja alinaswa na kufa katika mtego wa mkulima shambani mwa mahindi. Vinasaba vyake vilionyesha kuwa ni ndugu wa karibu zaidi wa nyani wa kawaida wa jenasi ya Papio. Hivyo, mwaka 2006, akapewa jenasi mpya, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Kila makala ilikuwa na waandishi saba, wakiwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwindaji aliyelitoa jina hakuwa miongoni mwao. Inaweza kujibiwa kwamba kutaja mnyama si kumthibitisha, na jibu hilo lina uzito. Vipimo na vinasaba havikutoka kwa mwindaji. Hata hivyo, bila neno lake watafiti wasingejua wamtafute nani. Isitoshe, makala zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, na wanaoishi kando ya msitu wao, wenye mitego na mashamba ya mahindi, ndio wasiozisoma.