Udahili wa Vyuo Vikuu: Neno kwa Wazazi na Vijana wa Moshono

Matokeo ya kidato cha sita hutangazwa kwa kawaida mwezi Julai, na punde baada yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufungua dirisha la udahili. Vijana wetu wengi wakati huo wamo katika kambi za JKT kwa mujibu wa sheria, Oljoro na kwingineko, hivyo kazi ya kuandaa nyaraka huwaangukia wazazi. Tunawaandikia hasa wazazi hao. Taratibu zenyewe si ngumu, ila hazimngojei mtu.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Katika familia zetu mtoto huweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ukoo, na kila ofisi ikayapanga kwa namna yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Jina lililomo lisipolingana na lile la cheti cha kidato cha nne, ombi huingia mashakani. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo, kwa kijana ambaye hakuwahi kusajiliwa, RITA hukipokea kuwa mojawapo ya vielelezo. Anayekihitaji na afike ofisi ya parokia mapema, si siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho huhakikiwa vivyo hivyo. Familia nyingi hazikuwahi kukitafuta, zikidhani kibali cha mazishi kinatosha. Hakitoshi.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka, badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa TCU uliokuwapo tangu 2010. Maombi hufanyika kwa intaneti, na wengi wetu huenda steshenari kusaidiwa. Si vibaya. Lakini namba ya simu na barua pepe zinazojazwa ziwe za familia, wala si za mwenye duka, na nywila iandikwe katika daftari litakalobaki nyumbani. Sababu ni hii: anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa njia hizo, katika siku chache zilizopangwa. Namba ikifika katika simu ya mtu mwingine, nafasi yaweza kupotea ilhali kijana amefaulu vizuri.

Kuthibitisha nako kusifanywe kwa pupa. Kijana aangalie kozi kwanza, kisha ada, kisha umbali. Sifa ya jina la chuo ije mwisho, kwa maoni yetu. Aliyekosa awamu ya kwanza asivunjike moyo, kwani TCU ikifungua awamu nyingine huomba tena katika kozi zenye nafasi.

Kupata chuo si kupata mkopo. HESLB hupima uhitaji wa kila mwombaji, na anayekubaliwa huweza kupewa sehemu tu ya ada. Kwa hiyo tunawasihi wazazi wasikimbilie kuuza ng'ombe wa maziwa au kipande cha shamba kabla majina ya waliopangiwa mikopo hayajatoka. Kwanza waulize chuo kama ada hulipwa kwa awamu. Ikumbukwe pia kwamba mkopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Ufadhili wa Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, haurejeshwi, lakini ni wa wale waliofanya vizuri sana katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Jumuiya ndogo ndogo nazo zaweza kusaidia hata kwa jambo dogo, kama nauli ya kwanza ya kwenda Mwanza au Dodoma.

Wako wanaoshindwa kuripoti kwa ugonjwa, msiba au ada. Hapa kosa kubwa ni kunyamaza. Asiyefika bila taarifa huhesabiwa kuwa ameiacha nafasi. Aliyeandika barua ya kuomba kuahirisha masomo, akaambatisha uthibitisho na kupewa jibu la maandishi, anaweza kurudi. Kanuni hutofautiana chuo kwa chuo, basi ofisi ya udahili iulizwe kabla usajili haujafungwa. Mwenye mkopo amwone pia afisa mikopo wa chuo, kwa kuwa fedha husimamishwa mwanafunzi anapoahirisha, na hazirudi zenyewe siku anaporejea darasani.