Leseni inanunulika, ujuzi lazima utafutwe

Mwaka 1991 kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini ilianza kufunga kwenye gari lake la Scoupe injini iliyosanifiwa na wahandisi wake. Waliipa jina la Alpha. Kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo, kila gari lililotoka kiwandani kwake lilitembea kwa injini ya kampuni ya kigeni.

Safari hiyo inatuhusu sisi tunaojenga viwanda kwa teknolojia ya kununua. Mkataba wa leseni huleta michoro, mitambo na ruhusa ya kutumia jina. Ujuzi wa kusanifu na kurekebisha hauji kwa mkataba peke yake. Mnunuzi asipoufuata mwenyewe, ataendelea kulipa mrabaha mwaka baada ya mwaka.

Hyundai Motor ilianzishwa mwaka 1967 na Chung Ju-yung, mkandarasi wa barabara na majengo. Mwaka uliofuata ilitia saini mkataba na Ford na kuanza kuunganisha gari la Cortina katika mji wa Ulsan. Ford ilitoa michoro, vitabu vya maelekezo na wataalamu. Vijana wa Ulsan wakajua kuunganisha gari, lakini gari lenyewe lilikuwa la barabara za Ulaya. Kwenye barabara mbovu za Korea liliharibika mara kwa mara, na wateja wakalalamika.

Mwaka 1973 mazungumzo ya kuingia ubia na Ford yalivunjika. Wakati huohuo serikali ya Rais Park Chung-hee ilivitaka viwanda vya magari vibuni gari la Kikorea, huku ikivilinda dhidi ya magari ya nje. Hapo Hyundai ilifanya uamuzi wa busara kuliko yote: haikumtafuta mwalimu mmoja wa kuifundisha kila kitu. Umbo la gari ilimpa Giorgetto Giugiaro wa Italdesign, mjini Torino. Injini na giaboksi ilizichukua kwa leseni ya Mitsubishi ya Japani. Usimamizi wa mradi ilimkabidhi George Turnbull, aliyekuwa kigogo wa British Leyland nchini Uingereza.

Kila mgeni alishika kipande chake. Aliyelazimika kuvielewa vipande vyote na kuvioanisha alikuwa Hyundai mwenyewe, na hapo ndipo ujuzi ulipopatikana. Wahandisi wake waliotumwa Torino waliishi pamoja. Mchana walishiriki kazi ya usanifu, usiku waliandika na kujadili waliyoyaona. Gari la Pony lilioneshwa Torino mwaka 1974, na mwaka 1976 likaanza kuuzwa hadi Ecuador.

Hata hivyo, injini ilibaki ya Mitsubishi, na mwenye injini hakuwa tayari kutoa teknolojia yake mpya kabisa. Ndipo Chung akaamua kujenga kituo cha utafiti Mabuk, karibu na Seoul. Alimrudisha nyumbani Lee Hyun-soon, mhandisi aliyekuwa General Motors, na kuilipa kampuni ya Ricardo ya Uingereza itoe ushauri. Injini za majaribio zilivunjika moja baada ya nyingine, lakini kazi haikusimamishwa hadi Alpha ilipokamilika. Mwaka 2002 Mitsubishi na DaimlerChrysler ziliingia ubia na Hyundai wa kutengeneza injini, na usanifu wa msingi ulikuwa wa Hyundai.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Wakorea walinunua magari ghali yaliyolindwa na serikali, na wafanyakazi walifanya kazi saa nyingi chini ya utawala usiowaruhusu kudai haki zao. Hilo si la kuiga. La kuiga ni nia ya kujua.

Hapa kwetu Kenya magari yameunganishwa Nairobi, Thika na Mombasa tangu miaka ya 1970. Mafundi wetu wanafunga na kuchomelea kwa ustadi, lakini michoro mingi bado inatoka nje. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba mwingine wa leseni, wenye viwanda na serikali wajiulize maswali manne. Je, wahandisi wetu watakaa kwenye ofisi ya usanifu ya mwenye teknolojia, au wataoneshwa mashine tu? Je, tunaruhusiwa kubadili bidhaa ifae barabara zetu na mifuko yetu? Ni vipuri gani vitatengenezwa hapa, na kufikia mwaka gani? Na fedha za utafiti zimetengwa kiasi gani? Mkataba usiojibu maswali hayo urudishwe mezani kabla haujatiwa saini.