Makundi ya Ndagala Hubadilikaje?

Ukishuka kando ya ziwa, upande wa Gatete na Rumonge, usiku usio na mbalamwezi, utaona taa nyingi za wavuvi. Ndagala hukusanyika chini ya taa hizo, kisha wavu huinuliwa. Asubuhi, mavuno yakiwa makubwa, watu husema, “Mwaka huu samaki ni wengi!” Je, ni kweli? Pengine hawakuongezeka hata mmoja, ila wamekusanyika tu.

Tuangalie kwanza desturi ya ndagala. Mchana hukaa kilindini, wameshikamana makundi makundi. Jioni hupanda juu wakifuata vidudu vidogo vya majini, ambavyo ni chakula chao, na hapo makundi hulegea. Mukeke nao huwafuata ili wawale. Taa ya mvuvi huwakusanya tena. Lakini mwezi ukiwa mpevu, nuru hutapakaa ziwa zima, taa haiwavuti sana, na wavuvi wengi hupumzika.

Basi kundi si kitu kimoja kama jiwe. Huhama, hugawanyika, huungana na jingine, au hutawanyika kabisa. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme saa tatu ya usiku yako makundi mawili, moja la samaki 600, jingine la 400. Saa nne liko kundi moja la samaki 1,000. Makundi yamepungua kwa nusu, lakini samaki ni wale wale. Aliyetazama saa nne peke yake hawezi kujua jambo hilo.

Wataalamu hutumia chombo cha mwangwi. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti imekwenda mita 150, kwenda na kurudi; kwa hiyo kundi liko mita 75 chini. Hupima tena na tena, wakalinganisha. Katika miaka ya 1990 meli ya utafiti Tanganyika Explorer ilipima hivyo katika ziwa hili, ambalo ni la nchi nne.

Faida yake ni nini? Samaki wachache wakikusanyika chini ya taa, wavu hujaa vile vile, nasi twaweza kuwamaliza bila kujua. Kwa hiyo tusihukumu kwa usiku mmoja. Tuandike tarehe, hali ya mwezi, idadi ya mashua na uzito wa samaki. Kisha tulinganishe usiku wa giza na usiku wa giza, mwaka hata mwaka.