Kengele ya Asubuhi na Wavuvi wa Ndagala

Mwezi wa Januari 2023 shule za Rwanda ziliacha kuanza saa moja asubuhi, zikaanza saa mbili na nusu. Wenzangu hapa Rumonge huuliza: na sisi je? Waganga wa watoto wa Marekani walishauri saa hiyo hiyo mwaka 2014, kwa kuwa kijana akishabalehe usingizi humjia usiku sana, hata akijilaza mapema.

Lakini pwani yetu ina jambo lake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri, na mitumbwi hurudi alfajiri. Mwanafunzi anayevua ili apate ada ya shule hajalala hata kidogo. Ukimwongezea saa moja, ataoga na kunywa chai, basi. Tena masomo yakisogezwa mbele tutamaliza chini ya mabati wakati wa jua kali, na joto la ziwani mnalijua ninyi mliosoma hapa zamani.

Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika. Naomba walimu wetu wapange mitihani katika siku hizo. Kengele na ibaki saa moja na nusu.